Mastiki ya magari si ya shingo ya gita

BUKAVU – Siku gita linapotoka kwa fundi, shingo yake inang'aa kama kioo na kila mtu anasifu. Masika yakisha kolea, kidole gumba cha mpigaji kinaanza kunata nyuma ya shingo, vipande vidogo vinabanduka, na wanakwaya wanauliza kwa nini pesa za michango hazikununua gita la kutoka China.

Malalamiko hayo hutupiwa mbao. Mbao haina kosa. Libuyu ni mti unaofaa kwa shingo: una nguvu, haupindi ovyo, na uzito wake si wa kuchosha mkono. Ila una matundu membamba marefu, yanayoonekana kwa macho kama mikwaruzo ya sindano. Verni ikipakwa moja kwa moja inazama humo na uso unabaki na mabonde. Lazima matundu yajazwe kwanza. Swali ni kwa kitu gani.

Jibu la haraka ni mastiki ya wale wanaonyoosha mabati ya magari. Inakauka upesi, na mteja anabeba gita lake siku ileile. Lakini mastiki hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya chuma. Mbao inavimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, mastiki haiifuati. Tena haipokei rangi ya mbao. Kila tundu linabaki na doa, na fundi analazimika kuyaficha yote kwa rangi nzito na verni nene. Na verni nene ndiyo inayonata kwenye jasho la mkono.

Unga wa msumeno uliochanganywa na gundi nyeupe unafaa kwa tundu la msumari kwenye kiti. Kwa shingo, hapana: gundi ikikauka inakataa rangi, na unyevu unailainisha.

Dawa iko palepale kwenye meza ya fundi. Anapaka verni iliyopunguzwa, na ingali mbichi anaisugua kwa msasa mwembamba, namba 320 kwa mfano. Unga wa mbao ileile unachanganyika na verni, unakuwa uji, unaingia ndani ya matundu. Anaupangusa kwa kitambaa kwa kukata nyuzi za mbao, maana akizifuata atautoa tena. Anaacha ikauke hadi kesho, anasugua, anarudia mara mbili ao tatu. Rangi inabaki ya mti wenyewe, na juu yake tabaka chache nyembamba za verni zinatosha. Kwa mvule aanze kwa kupangusa mafuta yake, maana yanachelewesha verni kukauka. Ubao wa vidole uliotengenezwa kwa wenge usijazwe kabisa. (Huko Ulaya mafundi wa zamani walitumia unga wa jiwe jepesi la volkano. Anayefikiria mawe ya Nyiragongo asahau: ni meusi, yatachafua mbao.)

Kinachokosekana ni siku. Kazi hii inaomba karibu juma zima, na fundi analipwa kwa gita, halipwi kwa siku. Mteja anapiga simu kila asubuhi: liko tayari? Mteja huyo naye ana sehemu yake katika kosa. Anayetaka gita kwa ajili ya sikukuu aliagize mapema na atoe malipo ya kwanza; fundi naye awe na moyo wa kukataa kazi ya haraka, kwa sababu jina linaloharibika ni lake.

Hata kulinganisha na magita ya nje si haki. Mengi ya umeme yana shingo ya mti wa maple, ambao matundu yake ni madogo mno na hauhitaji kujazwa. Kiwanda hakikushinda fundi wa Kadutu kwa ujuzi; kilianza na mti mwingine.

Kwa mwenye gita ambalo tayari linanata, si lazima kulitupa. Nyuma ya shingo inaweza kukwanguliwa taratibu hadi mbao ionekane, bila kugusa ubao wa vidole, kisha kujazwa upya. Akubaliane kwanza na fundi juu ya siku atakazoliacha kwake, na amuulize waziwazi atajaza kwa kitu gani.