Wapima Tetemeko na Waje Barazani



Ukiulizwa ni mambo gani yanayoweza kukuharibia mali, utataja ukame, ndigana ya ng'ombe, baridi inayounguza viazi, na bei mbaya ya maziwa. Tetemeko la nchi huenda usilitaje kabisa. Lakini kama shamba lako liko Subukia, Solai, Ol Kalou, au mahali pengine po pote kando ya Bonde la Ufa, tetemeko ni jirani yako. Ni jirani mwenye usingizi mrefu, lakini hajahama.

Usiku wa tarehe 6 Januari 1928 jirani huyo aliamka. Nchi ilitikisika kwa nguvu ya kipimo cha 6.9. Chini ya miinuko ya Marmanet, upande wa Subukia, ardhi ilipasuka kwa urefu wa karibu kilomita 38, na mahali pengine upande mmoja ulishuka zaidi ya mita mbili. Hata Nairobi watu waliusikia mtikisiko huo.

Siku zile mashamba hayo yalikuwa ya walowezi, na magazeti makubwa ya nchi yalikuwa yao pia. Sauti ya Waafrika waliofanya kazi na kulala katika mashamba yale yale haisikiki sana katika habari zilizoandikwa. Ziko wapi nyumba zao zilizoanguka? Chemchemi zipi zilikauka, na zipi zilianza kutoka maji? Wengi waliojua majibu wamekwisha kufa, na elimu hiyo imezikwa pamoja nao.

Basi neno langu leo ni hili: uchunguzi wa tetemeko usiomwuliza anayekaa juu ya ardhi, wala kumrudishia majibu, ni kazi nusu. Na nusu inayokosekana ndiyo inayookoa maisha ya watu.

Elimu iliyobaki mbali

Mwezi wa Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ufa mkubwa ulifunguka karibu na Suswa na kuikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Magazeti ya ng'ambo yakaandika kwamba Afrika inapasuka vipande viwili. Wataalamu wengine wakasema la, maji ya mvua yameosha majivu laini ya volkano yaliyokuwa yameujaza ufa wa zamani. Walibishana kwa Kiingereza na mbali na shamba, na mwenye shamba alikuwa na swali moja tu: nijenge hapa, au nihame? Mtu asiyejibiwa swali kama hilo hawezi kusema kwamba wataalamu wamemsaidia.

Wazee walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni mwenye vyombo vya kupimia akija shambani, akachimba, akachukua mawe na kwenda zake, mwenyeji amepona nini?

Mfano wa Haiti

Yako mahali ambapo jambo hili limejaribiwa kwa njia nyingine. Haiti ni nchi ya visiwani, huko bahari ya Karibi, na watu wake wengi ni wakulima wadogo kama sisi. Mwaka wa 2008 wataalamu walionya kwamba ufa ulioko huko ungeweza kuleta tetemeko kubwa. Onyo hilo halikugeuka kuwa nyumba imara, na tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la kipimo cha 7.0 liliua watu wengi mno. Wakati huo Haiti haikuwa hata na mtandao wake wa vyombo vya kupima matetemeko.

Miaka iliyofuata, wataalamu wa Haiti na wenzao wa Ufaransa walianza kuweka vyombo vidogo vya bei nafuu ndani ya nyumba za watu wa kawaida. Mwenye nyumba alitoa nafasi na umeme, naye akaweza kuona mwenyewe nchi inavyotikisika. Wataalamu wa mambo ya jamii walikwenda pia, kuwauliza watu wanaonaje na wanataka kujua nini. Kisha, tarehe 14 Agosti 2021, tetemeko la kipimo cha 7.2 lilipiga upande wa kusini na kuua watu zaidi ya 2,200. Vituo rasmi vya upande ule havikuwa vikifanya kazi. Vyombo vilivyokuwa karibu na kuandika mitikisiko ile vilikuwa vile vya majumbani, na kwa habari zake wataalamu waliweza kueleza jinsi ufa ulivyovunjika.

Sisemi kwamba chombo kilizuia tetemeko, wala hakuna mtu duniani awezaye kutaja siku na saa litakapokuja. Nasema tu kwamba mwananchi alipopewa nafasi, elimu iliongezeka. Sisi tunacho kituo kizuri Kilima Mbogo, karibu na Thika, lakini kituo kimoja hakiwezi kusikia kila mtikisiko mdogo wa Bonde la Ufa.

Hesabu ya kutisha kidogo

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lilipiga Bukoba, kwa jirani zetu wa Tanzania. Watu wasiopungua 16 walikufa, na nyumba nyingi za matofali zikabomoka. Kipimo chake kilikuwa 5.9. Sasa fahamu kwamba kipimo kikizidi kwa moja, nguvu huzidi mara 30 hivi. Maana yake, tetemeko la Subukia lilikuwa na nguvu mara 30 kuliko la Bukoba.

Mwaka wa 1928 watu walikuwa wachache, na nyumba nyingi za wenyeji zilikuwa za miti, udongo na nyasi, ambazo hutikisika bila kumwangukia mtu kwa uzito mkubwa. Leo Kenya ina watu zaidi ya milioni 47 kwa hesabu ya mwaka wa 2019, na katika skimu zetu tunajenga kwa mawe na matofali. Hayo ni maendeleo. Lakini ukuta mzito usiofungwa vizuri huua. Kwa hiyo mtaalamu asipime miamba tu. Apime pia nyumba tunazojenga kweli, kwa mchanga na simiti tunayoweza kununua, na fundi tunaye sisi.

Nani aulizwe?

Asiulizwe mwenye hati ya shamba peke yake. Nepal, tetemeko la tarehe 25 Aprili 2015 liliua watu karibu 9,000, na zaidi ya nusu walikuwa wanawake na wasichana. Baadaye, watu wasio na hati za ardhi walipata taabu kubwa kupata msaada wa kujenga upya.

Tazama sasa skimu yako mwenyewe. Yuko mjane ambaye hati bado ina jina la marehemu. Yuko mfanya kazi anayelala katika banda la ploti ya mwingine. Yuko mzee asiyeweza kukimbia, na kiziwi asiyesikia mtu akipiga kelele. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hawa ndio wanaovijua vitanda vyao.

Labda mtu atasema mkulima hajui elimu ya miamba. Kweli, lakini hata daktari wa mifugo humwuliza mchungaji ng'ombe aliacha kula lini. Mchungaji si daktari, lakini bila yeye daktari hukisia tu.

La kufanya

Akija mtu kuchunguza ardhi yenu, mwambieni kwa heshima aje kwanza barazani. Mwombeni mambo manne: aeleze anatafuta nini, kwa Kiswahili au lugha ya nyumbani, awaulize wanawake na wafanya kazi pia, afundishe vijana wa hapo kutunza chombo akikiacha, na aahidi siku ya kurudi kutoa majibu. Chifu na aiandike siku hiyo.

Nawe fanya lako. Ukisikia mtikisiko, andika tarehe, saa, na kilichotikisika: vyombo kabatini, mabati, au kuta. Mwulize mzee wa jirani alisimuliwa nini na baba yake juu ya mwaka wa 1928, uyaandike. Ukijenga, mwambie fundi aizungushie nyumba nzima mkanda wa saruji wenye vyuma juu ya madirisha, na afunge paa imara. Gharama yake si ndogo, lakini ni ndogo kuliko kujenga mara ya pili, na hakuna gharama inayoweza kumrudisha mtoto.

Serikali na vyuo vikuu vina wajibu wa kuja kwetu. Wakija, watukute tumekwisha kuandika yetu.