Baraza ya Wazazi: Mtoto Apasuliwapo Kichwa



Mwezi huu twataka kunena juu ya jambo ambalo mzazi hapendi hata kulitaja, nalo ni uvimbe uotao ndani ya ubongo wa mtoto. Sisi tumelipita jambo hilo nyumbani mwetu, kwa hiyo haya si maneno ya kusikia tu. Twayaandika kwa ajili ya baba na mama walioko Musoma, Bunda, Butiama na vijiji vya kandokando, na kwa walimu pia, maana mara nyingi mwalimu huiona dalili kabla ya mzazi.

Mtoto wetu alikuwa na umri wa miaka minane. Kwanza alilia kichwa asubuhi aamkapo. Hutapika, kisha hupata nafuu, akaenda kucheza. Homa hakuwa nayo. Katika zahanati moja alipewa dawa ya malaria mara tatu, wala damu yake haikupimwa hata mara moja. Ndipo mwalimu wake alipotuita akasema, "Baba na mama, mtoto huyu siku hizi anapepesuka kama mlevi, na asomapo ubaoni huinamisha kichwa upande mmoja. Huu si uvivu." Neno hilo la mwalimu ndilo lililotuondoa nyumbani.

Sababu ya dalili hizo ni hii. Ndani ya ubongo mna maji safi yanayozunguka siku zote, kama maji katika mfereji. Uvimbe ukiota kisogoni, mahali pa ubongo unaotengeneza mwendo wa mwili, huuziba mfereji ule. Maji hujaa, nalo fuvu halipanuki, hata ubongo ukabanwa. Mtoto akilala usiku mbano huzidi, ndiyo maana maumivu huja asubuhi. Kwa mtoto mchanga mifupa ya kichwa haijashikamana bado, basi kichwa hukua upesi kupita kiasi, utosi huvimba, na macho huelekea chini. Mtoto mwingine huanza makengeza, mwingine huona vitu viwili viwili, mwingine hupatwa na kifafa. Lakini msiogope ovyo: uvimbe wa ubongo ni nadra, na vichwa vingi viumavyo vina sababu nyingine. Dalili hizi zikija pamoja, na zikizidi wiki hata wiki, hapo haifai kungoja.

Kama ilivyo desturi, ndugu walikusanyika. Shangazi wa mtoto alinena habari za jirani mwenye wivu. Tulimjibu kwa upole kwamba madaktari wenyewe, katika watoto walio wengi, hawaoni sababu ya uvimbe kuota. Si uchawi, wala si dhambi ya mzazi. Wanafunzi nao waliuliza hivyo juu ya yule kipofu tangu kuzaliwa, wakakatazwa. Neno la jirani likiingia, nyumba hupata maradhi mawili: la mtoto, na la ugomvi usiokwisha.

Baba mkubwa yeye alishauri tumpeleke mtoto kwa wapasuaji wa vichwa wa Ukuria. Neno lake halikuwa la kuchekwa. Wakuria wa Tarime, na Wakisii wa Kenya, tangu kale wana mafundi wa kufungua kichwa. Mtu aliyepigwa rungu au kuanguka, na maumivu yasimtoke, fundi humkata ngozi, akaukwangua mfupa wa fuvu kidogo kidogo. Na wengi walipona, hata madaktari wa Ulaya na Marekani wakaandika habari zao kwa mshangao. Tukamwambia, "Baba mkubwa, wazee wetu waliutibu mfupa uliovunjika. Ugonjwa huu umekaa chini, ndani ya ubongo wenyewe, na bila picha hakuna ajuaye mahali pake." Mzee akanyamaza kitambo, kisha akatoa fahali mmoja auzwe, iwe nauli.

Wala kazi hii si ya jana. Mwaka 1879 huko Glasgow, Scotland, daktari William Macewen alimpasua msichana wa miaka 14. Mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili ilikuwa haijajulikana duniani. Aliupata mahali pa uvimbe kwa kuangalia jinsi uso na mkono wa mtoto ulivyotetemeka. Msichana akaishi miaka mingine minane, akafa kwa ugonjwa mwingine. Na hapa kwetu Tanzania, mwaka 2006 daktari Dilan Ellegala wa Marekani alifika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, akamfundisha tabibu Emmanuel Mayegga kufungua fuvu. Naye Mayegga akamfundisha mwenzake. Leo wako wapasuaji wa ubongo Dar es Salaam katika taasisi ya MOI iliyoko Muhimbili, na Mwanza katika Hospitali ya Bugando.

Basi tulishuka kutoka Butiama hata Makutano, tukapita Bunda, tukalifuata ziwa mpaka Mwanza. Mama alimpakata mtoto njia nzima, bakuli mkononi, maana kila gari liruka-rukapo alitapika. Katika hospitali kubwa alipigwa picha ya CT skani. Daktari akatuonyesha kitu cha mviringo kisogoni, ukubwa wa limao.

Hakutuficha neno. Alisema mtoto aweza kufa mezani. Aweza kuishi lakini apoteze mwendo au kusema. Na uvimbe waweza kurudi. Mama akauliza, "Tukikataa je, daktari?" Akajibu, "Maji yataendelea kujaa, mama. Atapofuka kwanza." Hapo tulitia sahihi. Wako watu watakaowaambia kwamba kutia sahihi ni kukosa imani. Sisi twasema kwamba tuliomba kabla ya kutia sahihi, na baada yake, na kalamu haikuzuia sala hata moja.

Siku ya kupasuliwa walimnyoa kisogo, wakamtia dawa ya usingizi, wakamlaza kifudifudi. Hukata ngozi, hutoboa mfupa, huufungua utando, kisha huutoa uvimbe vipande vidogo vidogo kwa kutazama katika darubini. Ilichukua saa saba. Katika benchi la kungojea alikuwapo mama mmoja wa Ukerewe, mgonjwa wake mwingine. Alitununulia chai, akakaa nasi asiseme neno. Twamkumbuka kuliko wote waliosema mengi.

Kesho yake mtoto aliamka akaomba maji, tukashukuru. Siku ya tatu akanyamaza kabisa. Alitutazama, wala hakujibu. Alilia, lakini bila neno. Tulimpata hai, nasi twaona kama hatukumpata. Daktari alituambia kwamba jambo hili lajulikana: watoto wengine waliopasuliwa mahali pale hunyamaza siku kadhaa, wengine majuma, wengine miezi, kisha maneno huanza kurudi. Laiti wazazi wote wangeambiwa haya mapema! Mama hakuacha kusema naye. Kila asubuhi alimtajia majina ya mbuzi wetu mmoja mmoja, na kila jioni alimwimbia. Juma la tano, sahani ikiwa mbele yake, mtoto akasema, "Uji." Neno moja, tena lilitoka kwa shida kama la mtoto anayejifunza kunena. Wauguzi wawili walikuja mbio kulisikia.

Sasa imetimia miaka miwili. Uvimbe wake haukuwa wa namna ienezayo mbegu zake, kwa hiyo hakuhitaji mionzi, ijapokuwa watoto wengine huihitaji. Hutembea miguu imepanuka, hawezi kukimbia na wenzake, huandika polepole, na darasani yuko nyuma mwaka mmoja. Kila mwaka hurudi kupigwa picha, nasi juma lile hatulali vema.

Kwa hayo twawapa mashauri machache.

Kwanza, mtoto anayetapika asubuhi bila homa, kichwa kikimwuma, apelekwe hospitali, na damu ikipimwa isionekane malaria, ulizeni, "Ni nini basi?"

Pili, andikeni katika daftari siku, saa na dalili. Daftari letu lilimsaidia daktari kuliko maelezo yetu, maana hofu husahaulisha.

Tatu, waende watu wawili pamoja na mtoto, mmoja asikilize na mwingine amtunze. Na walioko nyumbani wasiwasahau ndugu zake. Wetu mkubwa alituambia baadaye kwamba alidhani tumemwacha.

Nne, mwambieni mtoto kweli kwa maneno yake. Wetu tulimwambia, "Kichwani mna kitu kibaya; daktari atakitoa ukiwa usingizini; ukiamka kitauma, nasi tutakuwapo." Hakuhitaji zaidi.

Tano, ninyi walimu, mtoto wa namna hii akirudi darasani, mketisheni mbele, mpeni muda zaidi wa kuandika, wala msiwaruhusu wenzake kuucheka mwendo wake. Hakurudi awe kama zamani. Amerudi aendelee na masomo kutoka hapo alipo.

Mwenye swali kwa habari hii na alete kwa baraza, nasi tutajibu kadiri tujuavyo. Kwa herini mpaka mwezi ujao.