Ko-ko-ko! Mlipe fundi atafute kwanza

Haya, nimerudi. Wanaonizoea hapa wanajua huwa ninaandika juu ya programu na tarakilishi, kwa hivyo mtanisamehe leo nikiingia chini ya gari. Vumilieni kidogo, mtaona sijatoka mbali na kazi yangu.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya 1999, ile ambayo mitaani tunaiita 110. Limenitumikia vizuri na sina mpango wa kuliuza. Lakini miezi michache iliyopita lilianza kulia, na kulia kwenyewe ni upande wa kulia, mbele. Wa kwanza kulisikia alikuwa binti yangu, tukienda shule asubuhi. Akaniambia, "Baba, gari linabisha hodi." Nikasikiliza. Kweli: ko-ko-ko, kila tukipita penye mashimo.

Nikampelekea fundi wa karibu. Akabonyeza boneti mara mbili, akaliacha linese, akasema, "Hizo ni shoki, mkubwa. Zimeisha." Shoki, kwa wasiojua, ni zile bomba zenye mafuta ndani zinazotuliza springi ili gari lisirukeruke. Sikuuliza swali hata moja. Shoki mbili za mbele pamoja na kazi yake, Sh14,500. Nikatoka pale nikiwa na furaha, nikafika kwenye shimo la kwanza la mtaa wetu. Ko-ko-ko.

Nikarudi. Fundi akakuna kichwa, akasema basi lazima ni raki ya usukani, na kwamba angenitafutia ya mtumba kutoka Japani pale Kirinyaga Road. Bei aliyonitajia ilikaribia karo iliyokuwa imebaki ya muhula. Hapo ndipo nilipoamka.

Fikirieni kijana ninayefanya naye kazi aje aniambie: programu inakwama, nimebadilisha hifadhidata haikusaidia, sasa naomba pesa nibadilishe seva. Ningemfukuza mezani. Ningemuuliza inakwama lini, ukifanya nini, na je, unaweza kuikwamisha mbele yangu? Maswali hayo nayauliza kila siku kazini kwa mshahara. Kwenye gari langu mwenyewe sikuyauliza, nikalipa.

Kwa hivyo Jumamosi moja nilichukua daftari nikaanza upya. Niliyoyafanya hayahitaji spana, na mtu yeyote mwenye gari kuukuu anaweza kuyafanya.

1. Toa mizigo. Nilitoa kila kitu kwenye buti: jeki, spana, gurudumu la akiba, chupa za maji. Msicheke. Jeki iliyolegea hubisha hodi vizuri kuliko bushi iliyokufa. Langu liliendelea kulia, lakini sasa nilijua si mizigo.

2. Gusa breki kidogo. Ukiwa kwenye barabara mbaya na sauti inatoka, gusa pedali kwa wepesi bila kusimamisha gari. Sauti ikinyamaza, angalia upande wa breki: huenda pedi zinacheza mahali pake. Yangu haikunyamaza.

3. Geuza usukani gari likiwa limesimama. Ukisikia springi ikijikunja na kuruka, "twang", angalia mauntingi ya juu ya shoki na beringi yake. Mtu mmoja ageuze usukani, mwingine aweke kiganja kwa uangalifu juu ya springi. Ikiwa nzima utaihisi ikizunguka taratibu, ikiwa mbovu utaihisi ikikwama kisha ikiruka. Langu lilikuwa kimya. (Mlio wa ka-ka-ka ukikata kona huku umekanyaga mafuta mara nyingi ni wa jointi za ekseli. Hizo zinasukuma gari, hazilibebi, kwa hivyo usizilaumu shoki.)

4. Tuta na shimo si kitu kimoja. Hapa ndipo nilipopata jibu, na nawaomba msome polepole. Magari mengi yana chuma kirefu kilichopindwa kiitwacho stebilaiza, kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale sana kwenye kona. Kimefungwa kila upande kwa linki fupi. Ukipanda tuta kwa magurudumu yote mawili ya mbele pamoja, chuma hicho huzunguka tu, linki hazina kazi kubwa. Gurudumu moja likishuka shimoni peke yake, chuma hujikunja na linki huvutwa kwa nguvu. Nikapanda tuta moja mara kumi, magurudumu sambamba: kimya. Nikapita kando ya barabara gurudumu moja likiingia kwenye mashimo: ko-ko-ko, kila mara. Sasa nilikuwa na sauti ninayoweza kuiita ikaitika. Hitilafu usiyoweza kuiita huwezi kusema umeirekebisha. Labda imelala tu.

Kwa wenye sauti za aina nyingine: ngwii-ngwii ya gari likipanda na kushuka mara nyingi ni mpira wa bushi uliokauka. Nyunyizia maji bushi moja moja. Ile ambayo ikilowa sauti inapotea kwa muda, ndiyo hiyo. Usipake mafuta ya injini, yanaula mpira. Na kishindo kimoja, "du", kila ukifunga breki au ukiondoka, ndicho cha kukufanya uangalie bushi za mkono wa chini unaoshika gurudumu.

Sasa nilikuwa na ukurasa mmoja wa maandishi. Niliupeleka kwa fundi mwingine, mzee aliye na gereji yake ya jua kali, na nikamwambia jambo ambalo nadhani hakuwa amewahi kuambiwa: "Mzee, nitakulipa Sh1,500 kwa saa moja ya kutafuta tu. Hata usipobadilisha chochote, pesa ni zako."

Aliniangalia kama mtu aliyepotea njia. Kisha akacheka, akasoma daftari, akainua gari. Aliinua kwa jeki, akaweka stendi chini yake na mawe nyuma ya magurudumu, ndipo akaingia. (Tafadhali, msiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Hakuna sauti yenye thamani ya kifua chako.) Alifungua linki zote mbili, akafunga chuma kwa waya kisiguse kitu, akaniambia nizunguke mtaa polepole bila kukata kona kwa kasi. Nikapita kwenye mashimo yale yale. Kimya kabisa! Ni kile kile tunachofanya sisi kwenye programu: kizime kipande unachoshuku, uone kama hitilafu inaondoka nacho. Linki mpya mbili, Sh3,200. Gari likaacha kubisha hodi.

Lakini habari yenyewe haikuishia hapo, na ndiyo sababu ninaandika.

Saa niliyomlipia ilikuwa haijaisha. Kwa kuwa amelipwa kutafuta, mzee aliendelea kutafuta. Aliinua gurudumu lisiguse ardhi, akalishika juu na chini, akalitikisa. Lilicheza. Akaniita nikanyage breki huku yeye anatikisa, kwa sababu kuchezacheza kukiisha breki zikikanyagwa, basi ni beringi ya gurudumu. Hakukuisha. Akaweka chuma chini ya tairi akainua kidogo, akanionyesha kwa kidole: boljointi ya chini ilikuwa inapanda na kushuka ndani ya kikombe chake. "Hii bado haijaanza kulia," akasema, "lakini ndiyo ingekuliza wewe."

Boljointi ya chini ndiyo inayoshikanisha mkono wa chini na gurudumu. Ikichomoka, gurudumu linalala ubavu na usukani hauna tena la kufanya. Mimi nilikuwa nimetumia Sh14,500 kufukuza kelele ya linki, kitu ambacho kingeweza kunikera miezi bila kunidhuru, huku kitu ambacho kingeniangusha kikiwa kimya karibu na mguu wangu. Na kwenye kiti cha nyuma alikaa mtoto.

Nilimuuliza mzee kwa nini mafundi hawatafuti hivi siku zote. Jibu lake sijalisahau. "Mtu akikuja hapa analipia kitu anachokiona mkononi. Nikimwambia nimetafuta saa mbili nikakaza nati moja, ananipa asante. Asante hainunui unga."

Ndugu zangu, hapo nilinyamaza, kwa sababu nilijiona. Kuna mteja aliyewahi kukataa kunilipa siku mbili za kutafuta hitilafu kwa kuwa mwishowe nilibadilisha mstari mmoja wa msimbo. "Mstari mmoja siku mbili?" Nililalamika kwa wiki nzima. Na mimi ndiye huyo huyo mteja kwenye gereji.

Basi maoni yangu ni haya. Tunawalaumu mafundi wetu kwamba wanabahatisha, wanabadilisha spea ovyo. Wengine ni kweli. Lakini sisi ndio tumewafundisha. Tunalipia shoki na kazi ya kuifunga. Kutafuta tunakutaka bure, tena kwa dakika tano tukiwa tumesimama tunaangalia saa. Kwa bei hiyo, fundi mwenye akili atabahatisha. Akikosea, spea imelipiwa. Akipatia, yeye ni bingwa.

Najua mtakaloniambia: atakula pesa ya kutafuta na bado atabuni kitu cha kubadilisha. Inawezekana. Ndiyo maana nina masharti mawili. La kwanza, "nionyeshe kikicheza." Kitu kilichokufa kwenye mguu wa gari mara nyingi huonyesha: kinacheza, kimepasuka, kinavuja. Asipoweza kukuonyesha, mpeleke aisikie sauti mwenyewe barabarani mpaka aweze. La pili, spea ya zamani nirudi nayo nyumbani. Fundi mkweli hajali.

Na kama ni bushi za mikono zinabadilishwa, ongeza la tatu: bolti zake zikazwe kabisa gari likiwa limekalia uzito wake. Zikikazwa gurudumu likining'inia, mpira unabaki umejinyonga kila gari linaposimama, unapasuka mapema, na utarudi pale pale ukisema spea za siku hizi ni mbovu.

Methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sawa kabisa, lakini haikusema uzibe kila ufa unaokuwa karibu na mkono. Mwenye gari kuukuu hana pesa za kuziba zote, kwa hivyo ni lazima ajue ufa ni upi. Na ikiwa usukani umelegea ghafla, gari linavuta upande mmoja, au kishindo kipya cha chuma kimeanza leo ambacho jana hakikuwepo, usianze kupima kwenye mashimo kama mimi. Lisimamishe, umwite fundi aje lilipo.

Jumla yangu, ukiweka kando boljointi ambayo ilikuwa lazima: Sh4,700 za kutafuta na linki, ambazo zingetosha, na Sh14,500 za kutouliza. Shoki mpya bado ninazo, zinafanya kazi vizuri. Zile za zamani ninazo pia, ziko nyuma ya mlango wa stoo. Juzi nilizibonyeza. Hazivuji hata tone.

Haya, tuonane wiki ijayo, nikijaliwa, turudi kwenye tarakilishi. Hizo angalau zikiharibika hazibebi mtoto.