Siyo Kiingereza Walichokosa

Morogoro kuna hukumu ambayo imetolewa bila kesi kusikilizwa. Utaisikia kwenye vijiwe vya kahawa, utaisikia ndani ya Noah za kwenda Mgeta, na utaisikia kwa kujiamini zaidi kwa watu waliopita vyuo vyetu. Inasema hivi: mtu anayenunua DVD ya filamu ya nje iliyosimuliwa kwa Kiswahili na DJ ni mtu ambaye shule ilimpita pembeni. Kiingereza hakijui, kwa hiyo anatafuniwa. Watoto wake wakisoma wataziacha. Na yule anayezipanga sebuleni kwa miaka, akizipangusa vumbi na kumkataza mgeni asiondoke na hata moja, huyo anahurumiwa tu, kwamba hata intaneti haijamfikia.

Hukumu hiyo ni ya uongo. Ingekuwa uongo wa kawaida ningeuacha upite, lakini huu una ukoo mrefu na mbaya, na nitaufikia.

Kwanza tutazame kilichomo kwenye hayo makabati. Iwe Kihonda au Nyandira, nyumba yenye deki ya zamani haitunzi kila kitu. Zile sahani za Kichina zilizobeba filamu ishirini kwa pamoja, Van Damme wote mahali pamoja na picha za ukungu, zilikwaruzika na zikaishia kuning'inizwa shambani kutishia ndege. Za Bongo Movie nyingi zimeazimwa hazikurudi, na mwenyewe hajazifuatilia. Zinazobaki ni za harusi ya nyumbani, za kwaya, na hizi zinazodharauliwa. Tena angalia zinavyopangwa. Hazipangwi kwa mwigizaji, wala kwa nchi ilikotoka filamu. Hapa ni za Lufufu, pale ni za DJ Mack. Ukimuuliza mwenye nazo filamu fulani inahusu nini, anaweza kukwama. Muulize nani kaisimulia, atajibu kabla hujamaliza swali.

Mtu anayetafuta tafsiri hana haja ya kujua nani katafsiri. Nani kati yetu anajua jina la mtu aliyetafsiri maelekezo ya dawa ya mahindi?

Lakini tuchukulie kwamba wenye hukumu wana hoja, kwamba kweli lugha ndiyo kizuizi. Basi watueleze habari ya picha za Kihindi. Awara ya Raj Kapoor ilitoka mwaka 1951, ikaja ikatikisa kumbi za sinema za Zanzibar na za bara. Waliojaza kumbi hizo wengi hawakujua Kihindi hata cha kuombea maji. Walilia palipotaka kilio, wakatoka wakiimba nyimbo ambazo maneno yake hawakuyaelewa, na hakuna aliyewasimulia kitu. Ikaja zamu ya Bruce Lee na Enter the Dragon ya mwaka 1973, vijana wakaanza kurushiana mateke mitaani, na sidhani kuna aliyelalamika kwamba mazungumzo yalimpita. Watanzania walitazama filamu za lugha wasizozijua kwa miongo mizima bila kuhitaji msaada wa mtu. Iweje leo, baada ya shule za kata kuenea hadi Bunduki, ndipo ghafla washindwe?

Kisha kuna Commando ya Arnold Schwarzenegger, ya mwaka 1985. Kiingereza gani kimo mle ndani? Baba ana binti, binti anatekwa, baba anachukua silaha. Mtoto wa darasa la pili anaielewa hata televisheni ikiwa bubu. Hata hivyo filamu za aina hiyo, ambazo zingeeleweka na mtu asiyejua lugha yoyote, ndizo zinazosakwa zaidi zikiwa zimesimuliwa. Drama ngumu za mahakamani, ambako tafsiri ingesaidia kweli, hazina mnunuzi.

Na tusisahau kioja cha upande wa pili. Bongo Movie, filamu za Kiswahili zilizochezwa na Waswahili, nyingi zilipewa majina ya Kiingereza kwa miaka yote ya neema yake. Steven Kanumba, Mungu amrehemu, aliyefariki Aprili 2012, alituachia Oprah, Uncle JJ, Devil Kingdom. Wanunuzi walewale wanaodaiwa kuogopa Kiingereza walizinunua bila kusita. Kwa hiyo filamu ya Kiswahili ilivaa Kiingereza ili ionekane ya maana, na filamu ya Kiingereza ikavuliwa Kiingereza chake ili iwe tamu. Wenye hukumu hawajawahi kueleza namna mambo hayo mawili yanavyokaa katika kichwa cha mtu mmoja mjinga.

Hayakai, kwa sababu mtu huyo si mjinga. Anachonunua ni masimulizi. Filamu ni sababu tu ya masimulizi kuwepo.

Mwenye kutaka ushahidi wa mbali atazame Japani. Kabla filamu hazijapata sauti, kila ukumbi wa sinema kule ulikuwa na msimulizi aitwaye benshi, amesimama pembeni ya pazia akieleza, akiigiza sauti za wahusika wote na kuongeza yake. Mabenshi mashuhuri walivuta watu kuliko waigizaji. Kaka yake Akira Kurosawa, yule mwongozaji mkubwa, alikuwa benshi. Jambo la kuzingatia ni kwamba hawakusimulia filamu za Wazungu peke yake. Walisimulia na filamu za Kijapani, mbele ya Wajapani. Sauti ilipoingia kwenye filamu, mabenshi waligoma kupinga kuondolewa, na Japani ikachelewa kuachana nao hadi katikati ya miaka ya 1930. Hakuna aliyewaambia Wajapani kwamba wanahitaji benshi kwa sababu hawajasoma.

Hapa kwetu Lufufu, yaani Kapteni Derek Mukandala, alifanya kazi hiyohiyo. Sikiliza anachofanya msimulizi wa kiwango chake. Adui anaingia chumbani, bado hajafungua mdomo, na tayari tumeshaambiwa tabia yake, madeni yake na mwisho utakaomkuta. Steringi anapita kwenye barabara ya nchi ya watu na tunaambiwa inafanana na mtaa fulani wa Dar es Salaam. Wapenzi wakinong'ona, msimulizi anawakatiza ili awaonye wasichana walioko nyumbani. Palipo kimya kwenye filamu, yeye ndipo anapochangamka zaidi. Matthias Krings, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Mainz, Ujerumani, aliwachunguza wasimulizi hawa na makala yake akaipa jina la wali unaogeuzwa kuwa pilau. Huo ndio upishi wenyewe. Mchele umetoka nje, sawa, lakini aliyekaanga vitunguu na kutia viungo ni mtu wetu, na mlaji anasifu pilau. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo na wenzake, na huko nako mashabiki wanafuata sauti kama sisi.

Sasa ule ukoo niliousema. Dhana kwamba Mwafrika mbele ya filamu ni mtu wa kusaidiwa haikuzaliwa kijiweni. Mwaka 1935 Waingereza walianzisha mradi wa filamu za mafunzo kwa Waafrika pale Vugiri, milimani kule Tanga, ukadumu hadi 1937. Filamu zilizungushwa kwa gari vijijini, picha ikiwa bubu na maneno yakitoka kwenye santuri kwa lugha za wenyeji. Mwaka 1939 London ikaunda Kitengo cha Filamu cha Kikoloni, na mkuu wake, William Sellers, akaeneza nadharia yake: Mwafrika asiyesoma haielewi filamu ya kawaida, atengenezewe ya polepole, isiyo na hila za kamera, na awepo mtu wa kumweleza. Nadharia hiyo ilipata wafuasi na fedha. Haikusumbuliwa sana na ukweli kwamba Waafrika hao hao walikuwa wakilipa viingilio mjini kutazama filamu za kawaida, za kasi, na kuzielewa barabara.

Bwana anayenicheka leo kwa kununua DVD ya Lufufu anarudia maneno ya Sellers kwa Kiswahili fasaha. Tofauti ni kwamba Sellers alilipwa mshahara.

Wasimulizi wetu waliichukua nafasi hiyo ya mwelezaji na kuipindua. Gari la mkoloni lilikuja na mtu wa kueleza ili tutii, tulime kwa matuta, tuchimbe vyoo. (Waluguru wa miaka ya 1950 walikataa matuta hadi damu ikamwagika, kwa hiyo tusidanganyane kwamba maelezo yale yaliwaingia.) Kibanda umiza, yaani ukumbi wa video wa mtaani, kilileta mtu wa kueleza ili tucheke. Ikumbukwe kwamba bara hatukuwa na televisheni hadi 1994; kanda za video zilitangulia, na kwenye kile kibanda cha mabati na mabenchi ndiko hadhira ilikojifunza kudai msimulizi mzuri na kumzomea mbovu.

Najua jibu linalofuata: basi sawa, ni sanaa, lakini ya nini kuhifadhi masahani wakati kila kitu kipo kwenye simu? Anayeuliza hivyo apande Uluguru. Apite Kinole, au aende Mgeta, ashuke kwenye bonde moja kati ya yale yaliyokatwa na milima pande zote, atafute mtandao. Ataupata juu ya kilima, karibu na mti ambao kila mtu anaujua. Halafu apige hesabu ya bando la kutazama filamu ya saa mbili, ailinganishe na bei ya gunia la kabichi shambani msimu zinapojaa. Deki inataka sola na betri, basi. Sahani ikishalipiwa imelipiwa, jioni ya kwanza na ya mia.

Hiyo ndiyo hoja rahisi, nami siitegemei sana, maana minara itafika na bando huenda likashuka. Hoja yenye uzito ni nyingine. Masimulizi haya kwenye intaneti hayana makao. Yamepandwa juu ya picha ya mtu mwingine, na mwenye picha akilalamika yanaondolewa, sauti na yote. Yanarudishwa na mwingine yakiwa yamekatwakatwa, yanaondolewa tena. Maktabani hayamo. Kazi kubwa ya mdomo ya Kiswahili ya miaka ya karibuni haina kabati la serikali wala la chuo. Ina kabati la mkulima wa Nyandira.

Sisi watu wa Morogoro tungekuwa wa kwanza kulielewa hili. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki mwaka 1965, Mbaraka Mwinshehe, aliyeng'ara na Morogoro Jazz kisha Super Volcano, akafariki 1979, wote kwa ajali za gari. Tunawasikia mpaka leo kwa sababu Radio Tanzania ilirekodi na kutunza kanda, na kwa sababu watu binafsi hawakutupa santuri zao hata gramafoni zilipokwisha kuharibika. Nina hakika wakati huo pia alikuwepo mtu wa kuwacheka.

Lipo pingamizi moja ninaloliheshimu, na si la wenye hukumu. Ni la wasanii. Biashara hii imejengwa juu ya nakala zisizolipiwa. Sheria ya Haki Miliki na Haki Shiriki ya mwaka 1999 haina utata hapo, na stempu za kodi zilizoletwa mwaka 2013 ziliwabana waliozalisha filamu za ndani huku za nje zikiuzwa holela. Aprili 2017 wasanii wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo wakilia kwamba filamu za nje zinawaua. Kuhusu wizi wa picha walikuwa na haki. Kuhusu muuaji sikubaliani nao. Mtazamaji aliyekuwa akisimuliwa na fundi kwa saa mbili, halafu akawekewa filamu ambayo gari linafunguliwa geti kwa dakika tatu, simu inaitwa, na hadithi inaahirishwa hadi sehemu ya pili, alikuwa na sababu ya kuhama isiyohusu bei wala stempu. Wangewaajiri wasimulizi hao kama waandishi wa hadithi badala ya kuwaandamania, pengine tungekuwa na Bongo Movie nyingine.

COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, na Bodi ya Filamu, wakikamata shehena, wana haki ya kuzuia picha. Sauti ya msimulizi si mali ya Hollywood. Inaweza kuchomolewa na kutunzwa peke yake, tena kwa kompyuta ya kawaida kabisa.

Kwa yule ambaye bado anaamini kwamba watu wanafuata tafsiri, lipo jaribio la jioni moja, halihitaji utafiti. Aende kwenye nyumba yoyote yenye deki, aweke filamu ya Lufufu, afunike kioo kwa kanga aache sauti. Watu wataendelea kupukuchua maharage na kucheka. Kisha aondoe kanga na kuzima sauti, picha ibaki peke yake, safi, ya Kimarekani. Ahesabu wanaosimama kwenda kulala.