Mambo ya nyumba: Mbwa aliyeachwa, kabla hujamfungulia mlango



Juma lililopita, kisha kuhesabu pesa za likelemba, mazungumzo yaliangukia kwenye mbwa. Mama mmoja alisema kuna mbwa analala mbele ya mlango wake tangu siku nyingi. Watoto walianza kumtupia mabaki, sasa wanamwita "wetu". Akauliza: nimfukuze ao nimchukue? Wengine walicheka, wengine wakasema mbwa ni kitu cha wazungu na cha matajiri wenye ukuta wa mawe. Mvua ikaja, hatukumaliza. Basi tuendelee hapa.

Sisi watu wa Goma tunajua mbwa hawa wanatoka wapi. Usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ililipuka. Siku tano nyuma yake, serikali ikaamuru watu wa kartie 10 waondoke. Watu walienda Sake, wengine Gisenyi, wengine wakapanda mashua mpaka Bukavu, mtoto mgongoni na godoro kichwani. Nani angefikiria mbwa siku ile? Mwezi wa kwanza 2025, vita vilipoingia mjini, ikawa hivyo tena. Mbwa aliyekuwa na nyumba, jina na sahani yake alibaki kwenye lupango tupu. Wengine walikufa. Wengine walianza kuzunguka kwenye majalala na wakazalia humo. Kwa hiyo mbwa anayelala mlangoni pako pengine alilelewa na mama kama wewe, mahali si mbali na pako.

Ndiyo maana kabla ya kusema "wetu", uliza. Mwambie nyumbakumi, mwambie shefu wa avenyu, waulize majirani wa ile nyumba iliyofungwa. Kama mwenyewe yuko, hata kama yuko mbali, atumiwe habari. Na kama siku moja anarudi kutoka ukimbizini na kumdai mbwa wake, mimi nasema arudishiwe, hata kama umemlisha mwaka mzima. Najua watoto watalia. Lakini mtu aliyekuta mlango umevunjwa, mabati yameibiwa na vyombo vimetawanyika, akiona mbwa wake anamkimbilia na mkia unacheza, amepata kitu kimoja kilichobaki cha maisha yake ya zamani. Watoto waambiwe mapema, siku ya kwanza kabisa: tunamtunza, na mwenyewe akija tutampa. Mtoto aliyeambiwa ukweli mapema analia kidogo kuliko yule aliyedanganywa.

Kama hakuna anayemdai, sasa tuzungumze juu ya kuchagua. Hapa maoni yangu yatawashangaza wengi. Mama mwenye watoto wadogo, ukiwa na njia mbili, mtoto wa mbwa anayeuzwa ndani ya karton pembeni ya barabara, na mbwa mzima ambaye umemwona mlangoni kwa mwezi mmoja, chukua yule mzima. Mtoto wa mbwa anapendeza, hakuna anayekataa. Lakini hujui atakuwa nani. Atauma viatu, atakojoa ndani, atalia usiku, na hizo kazi zote zitaangukia mtu mmoja, unamjua. (Baba analeta mbwa nyumbani siku ya jumamosi na maneno mazuri ya ulinzi, siku ya jumatatu mbwa ni wa mama.) Mbwa mzima tabia yake iko wazi. Unaweza kumchunguza kabla ya kumkubali.

Mchunguze namna hii. Ukitupa chakula na mtoto akapita karibu, mbwa anaendelea kula kwa utulivu, ao anakaza mwili na kunguruma? Mtu akiinua fimbo ya ufagio, anakimbia, anajificha, ao anakuja na meno? Kukimbia si kosa, ni kwamba alipigwa, na woga unapungua pole pole. Kuja na meno ni jambo lingine. Mtu mzima akimwita na kuchuchumaa pembeni, bila kumkazia macho, anasogea? Anakubali kuguswa shingoni? Jaribu hayo mwenyewe kwa siku nyingi, usimtume mtoto ajaribu. Na kama mbwa anakaza mwili kila mara watoto wanapokaribia, si wa nyumba yako, hata akiwa mzuri namna gani. Umpe anayekaa peke yake, ao umwache.

Wengi wetu tunataka mbwa kwa sababu ya wezi, na hasa wamama wajane na wale ambao mabwana wako mbali. Hiyo ni haki. Lakini kuna watu bado wanaamini kwamba mbwa mlinzi lazima afanywe mkali: afungwe kamba mchana kutwa, apigwe, alishwe pilipili, alale na njaa. Mbwa wa namna hiyo hatofautishi mwizi na mtoto wa jirani aliyefuata mpira. Na kamba inapokatika, na siku moja itakatika, wa kwanza atakayekutana naye ni mtu wa nyumbani. Kazi ya mbwa wa familia ni kukuamsha. Akibweka, wewe unaamka, jirani anaamka, na mwizi anajua kwamba watu wameamka. Kwa kazi hiyo mbwa wa kwetu wa kawaida, mwembamba mwenye mkia uliopinda, anatosha.

Tena huyo mbwa wa kwetu asidharauliwe. Kuna kabila moja la mbwa linalotoka Kongo, Wazungu walilipeleka kwao na kuliita basenji, neno lenye maana ya "washenzi". Leo kule Ulaya na Marekani watu wanalipa pesa nyingi kumpata. Ila msimtafute yeye kwa ulinzi: basenji habweki kama mbwa wengine, ndiyo maana wawindaji msituni walimfunga kengele ya mti shingoni wapate kujua yuko wapi.

Juu ya chakula sitasema mengi. Bugali na vichwa vya sambaza, mabaki ya maharagi yasiyo na chumvi nyingi wala pilipili, maji safi kwenye sahani yake. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inavunjika kama sindano na kumtoboa ndani. Kitunguu pia ni sumu kwake. Lakini fanya hesabu ya kweli: kama nyumbani kuna siku watoto wanakula mara moja tu, mbwa asiongezwe kwenye hiyo sufuria. Kukataa kwa sababu hiyo si ubaya wa moyo.

Sasa jambo ambalo naomba kila mama asome mpaka mwisho, hata yule asiyetaka mbwa kamwe. Ni kichaa cha mbwa, ile tunaita raji. Ugonjwa huu unaua watu karibu 59.000 kila mwaka duniani, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Katika kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa huo, 4 ni watoto chini ya miaka 15. Mtoto ni mfupi, mbwa anamfikia usoni. Na mara nyingi mtoto anaficha jeraha kwa kuogopa kupigwa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili, mtu anaokolewa kabisa. Yote yanategemea kile mama anafanya saa ile ile.

Na kile cha kufanya ni hiki: sabuni na maji mengi yanayotiririka, dakika 15 kwa saa. Ninajua maji ya Goma yanatoka wapi na yanabebwa na nani. Hata hivyo, bidoni nzima ya lita 20 ikiisha kwenye mguu wa mtoto, haikupotea. Kisha kituo cha afya ao hospitali siku hiyo hiyo, kwa sindano ya kwanza, na kurudi kila tarehe ambayo munganga ataandika, hata kama jeraha limekauka na mtoto anacheza. Jiwe jeusi, ambalo wengi wetu tunalo kabatini kwa ajili ya nyoka, haliondoi ugonjwa huu. Wala majani, wala makaa, wala chumvi. Vinapoteza saa tu. Hata mkwaruzo mdogo, hata mate ya mbwa kwenye kidonda kilicho wazi, ni vya kuoshwa na kuonyeshwa munganga.

Na mbwa aliyeuma, vijana wa avenyu wasikimbilie kumuua. Kama anaweza kufungwa bila hatari, afungwe na kuangaliwa siku 10. Akiwa bado mzima baada ya hizo siku, hakumwambukiza mtoto siku ile, na munganga ataamua juu ya sindano zinazobaki. Ila usingoje hizo siku 10 ndipo uende hospitali. Mbwa mgonjwa anabadilika: mpole anakuwa mkali, ao mkali anakuja kwa watu bila woga, mate yanamtoka, hawezi kumeza, sauti inabadilika, anauma mti na mawe, miguu inalegea. Huyo usimshike hata kama ni wako.

Kwa hiyo mbwa uliyemwokota asiingie siku hiyo hiyo kulala na watoto. Ugonjwa unaweza kukaa ndani yake kwa majuma, hata miezi, bila kuonekana, na chanjo inalinda mbwa mzima, haimponyeshi aliyekwisha kuambukizwa. Mpe pembe yake ya lupango, mtu mzima mmoja amlishe, na umpeleke kwa munganga wa wanyama mapema. Mbwa mdogo anachanjwa kwa kawaida akifika miezi 3, kisha anarudia kama munganga anavyoandika, mara nyingi kila mwaka. Chanjo hiyo inakaa kwenye baridi, sawa na ile ya watoto wetu. Anayeitembeza ndani ya mfuko wa koti kwenye jua usimpe pesa. Uliza iko ndani ya kisanduku cha barafu ao hapana, na udai karatasi yenye tarehe. Hapa vikundi vyetu vinaweza kufanya kitu: nyumba 6 ao 10 zenye mbwa zikipatana siku moja, munganga anakuja mara moja, na usafiri wake unagawanywa.

Siku hiyo hiyo aulizwe dawa ya minyoo. Mavi ya mbwa kwenye lupango yana mayai ya minyoo, na mtoto anayechezea udongo anayaleta mdomoni. Yaokotwe na kufukiwa kila siku. Funza wa miguu pia wanakaa kwa mbwa, hivyo nyumba inayohangaika na funza ichunguze miguu yake pia. Na kama jirani yako ni Mwislamu, mbwa wako asiingie mahali pake pa kusali. Mzungumze mapema, mambo hayo yanavunja ujirani bure.

Jike, fikiri mara mbili. Anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, mimba inakaa karibu siku 63, na watoto 5 ao 6 kwa mara moja ni kawaida. Nani atawachukua? Kama munganga wa kwenu anajua kumfunga uzazi, lipeni. Kama hapana, chukua dume.

Watoto wa nyumba wafundishwe kabla ya mbwa kufundishwa. Asiguswe akila, akilala, ao akiwa na wadogo wake. Asivutwe mkia, asipandwe kama farasi. Mbwa wa mtu mwingine akikukimbilia, usikimbie: simama kama mti, mikono chini, macho pembeni, mpaka aondoke. Wafanye mazoezi ya kusimama kama mti wakicheza. Wanapenda sana, na yule wa miaka 4 ndiye anayeshinda wote. Mtoto wa chini ya miaka 5 asiachwe peke yake na mbwa yeyote, hata yule mliyekaa naye miaka kumi.

Inabaki jina. Kwetu watu wanapenda kumpa mbwa jina la kumpiga jirani kijembe: Wivu, Mtasema, Utaona. Kila jioni unaita kwa sauti na jirani anasikia. Achaneni na hiyo. Jaribuni kwanza majina ya kawaida ya mbwa wa kartie yenu, moja moja, mkiwa mmekaa mbali kidogo. Akiinua masikio kwa mojawapo, hilo ndilo aliloitwa kule alikotoka. Mwachieni hilo hilo.