Jicho la Kuazima

Mwezi huu tunazungumza juu ya picha. Huenda mama mmoja akauliza, "Picha zina faida gani kwangu, nami nina unga wa kutafuta?" Tunamwomba avumilie kidogo. Habari hii inahusu beseni la kuogeshea mtoto na kanga aliyojifunga kiunoni. Inamhusu pia yule mtoto wake anayechorachora ukutani kwa mkaa na kuchapwa kila mara.

Tuanzie mbali. Hadi katikati ya karne ya 19, Japani ilikuwa imewafungia mlango karibu wageni wote. Mwaka 1853 manowari za Marekani zilifika huko, mwaka uliofuata mkataba ukatiwa sahihi, na bandari zikaanza kufunguliwa. Pamoja na hariri na vyombo vya udongo, zikafika Ulaya picha za karatasi. Kwa Wajapani picha hizo hazikuwa vitu vya ikulu. Fundi mmoja alichora, wa pili akauchonga mchoro juu ya ubao, wa tatu akapaka rangi na kuchapa, kila rangi na ubao wake. Zilitoka nyingi kwa bei ndogo, na watu wa kawaida wa mjini walizinunua kama sisi tunavyonunua kalenda ya kutundika ukutani.

Wachoraji wa Ulaya walipoziona walishangaa. Wao walikuwa wamefundishwa kutia vivuli ili kila kitu kionekane kama unaweza kukishika, na kuheshimu zaidi picha za wafalme, vita na mashujaa wa kale. Mjapani alipaka rangi bila kivuli, akaizungushia mstari, akachora watu wakikimbia mvua darajani. Vincent van Gogh, Mholanzi aliyekuwa akiishi Paris, alikusanya mamia ya picha hizo, na mwaka 1887 alinakili kwa rangi za mafuta picha za Hiroshige, mmoja wa mabingwa wa Japani.

Anayetugusa zaidi sisi akina mama ni Mary Cassatt, mwanamke wa Kimarekani aliyezaliwa mwaka 1844 na kufanya kazi yake Ufaransa. Mwaka 1890 yalifanyika Paris maonyesho makubwa ya picha za Kijapani, naye akaenda kuyatazama. Miongoni mwa mabingwa wa sanaa hiyo alikuwa Utamaro, aliyefariki mwaka 1806. Huyu alikuwa amechora wanawake wakitengeneza nywele, wakinyonyesha na kuogesha watoto. Baada ya maonyesho hayo Cassatt alitengeneza picha 10 za kuchapa: mama anaogesha mtoto, mwanamke anapimwa gauni kwa fundi, mwingine anafunga bahasha ya barua. Mwaka 1893 akachora kwa rangi za mafuta picha iliyoko leo katika jumba la sanaa la Chicago. Mama aliyevaa gauni la mistari amempakata mtoto, anamwosha mguu katika beseni, na jagi la maji liko karibu. Tunawaona kutoka juu.

Angalieni jambo moja. Mwaka 1876 Claude Monet, mchoraji mwingine mashuhuri, alimchora mkewe amevaa kimono nyekundu na kushika pepeo. Huko ni kuazima vazi. Cassatt yeye aliazima jicho. Alijifunza kwa Mjapani kwamba kazi ya mama inastahili kutazamwa, kisha akawatazama wanawake wa pale alipoishi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Lakini jicho la kuazima laweza kukuonyesha vilivyomo nyumbani mwako.

Sasa turudi kwetu Ruvuma. Ukitoka hapa Songea kwa barabara ya Masasi, ukapita mjini Tunduru, utafika Nakapanya, kijiji kilichoitwa zamani Namochelia. Hapo alizaliwa Edward Saidi Tingatinga mwaka 1932, katika nyumba ya wakulima. Alikwenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha Dar es Salaam. Inasemwa kwamba huko aliona picha za wachoraji kutoka Kongo zikiuzwa barabarani. Mwaka 1968 hivi naye akaanza kuchora, kwa rangi za kupaka baiskeli juu ya vipande vya mbao nyembamba za dari. Hakuichora Kongo. Alichora chui, tembo, ndege na maisha ya watu wake, kwa rangi zisizo na kivuli. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alikuwa amechora kwa miaka minne hivi tu, lakini jina lake ndilo jina la sanaa hiyo hadi leo.

Miongoni mwa jamaa aliowafundisha ni Simon Mpata, aliyehamia Kenya. Picha zake zilipendwa sana na Wajapani, hata hoteli yao moja kule Maasai Mara ikapewa jina lake. Hivyo taifa lililowafundisha Wazungu kutazama beseni la mama lilikuja kutazama chui wa Mwafrika na kufurahi.

Na kanga je? Baada ya Vita Kuu ya Pili, viwanda vya Japani vilichapa kanga kwa ajili ya soko la Afrika Mashariki, na bibi zetu wengi walizivaa. Lakini pindo, mji na jina vilibaki vyetu. Mashine ilikuwa ya Mjapani, maneno yalikuwa ya Kiswahili.

Kwa hiyo, mama mpenzi, unapodarizi kitambaa cha kochi usione haya kutazama kazi ya jirani au picha katika simu. Tazama mshono, tazama jinsi rangi zinavyokaa pamoja. Kisha uliza: kwa nini nidarizi waridi la Ulaya ambalo sijalipanda? Je, mgomba ulioko uani hauna umbo? Hata pale Dar es Salaam, anayerudia chui yule yule wa Tingatinga bila kumtazama tena ameazima vazi tu.

Na yule mtoto wa mkaa, usimchape kabla hujatazama alichochora. Huenda ni wewe, umeinama, unaosha miguu ya mdogo wake. Mpe karatasi, hata upande wa nyuma wa daftari lililokwisha, na mwambie achore tena. Ukuta utapakwa chokaa siku nyingine.

Tukutane mwezi ujao.