Mtoto wa Simiyu asisome na njaa

Mazungumzo juu ya elimu katika nchi yetu aghalabu huwa ni mazungumzo juu ya majengo. Viongozi wanapotembelea shule huhesabu vyumba vya madarasa, huhesabu madawati, huhesabu matundu ya vyoo na nyumba za walimu. Hesabu hizo ni za lazima, na kila anayezifanya kwa uaminifu anastahili kupongezwa. Lakini iko hesabu moja ambayo haifanywi kwa bidii inayostahili, nayo ni ya watoto wanaokaa darasani tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane na nusu mchana bila kutia kitu chochote tumboni.

Leo tunataka kuizungumzia hesabu hiyo, na tunataka kuizungumzia kwa kuutazama Mkoa wa Simiyu. Mkoa huu, wenye makao makuu yake Bariadi, uliundwa mwaka 2012 kwa kuziunganisha Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Sensa ya mwaka huo ilihesabu humo watu 1,584,157. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,140,497. Maana yake ni kwamba katika miaka kumi tu mkoa uliongezeka watu zaidi ya nusu milioni, na wengi wa hao ni watoto ambao sasa wamefika shuleni au wako njiani kufika. Ni mkoa wa wakulima na wafugaji, unaotoa pamba nyingi kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Mkoa unaoweza kuvisha viwanda hauwezi kukubali kwamba umeshindwa kupika uji wa watoto wake.

Tuseme wazi jinsi njaa inavyofanya kazi darasani. Mtoto wa kijijini huamka alfajiri, na mara nyingi huondoka nyumbani bila kula, kwa kuwa moto haujawashwa. Hutembea mwendo mrefu kwa miguu. Akifika shuleni hufagia, hukimbia mchakamchaka, kisha huingia darasani. Ifikapo saa nne nguvu aliyokuja nayo imekwisha. Macho yapo ubaoni lakini akili haipo. Saa sita anasinzia. Mwalimu asiyejua hali hiyo humwona ni mvivu au mtundu, na wakati mwingine hushika kiboko. Kanuni za Serikali zimeweka mipaka kuhusu adhabu hiyo: haitolewi ila na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye, haizidi viboko vinne, na lazima iandikwe kitabuni. Lakini hata kama kanuni zote zikifuatwa, kumchapa mtoto kwa kosa la kuwa na njaa ni kumwadhibu kwa deni lisilo lake. Mwenye deni ni sisi watu wazima.

Jambo hili si geni katika siasa yetu. Mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule iwe jumuiya inayofanya kazi, inayozalisha, na inayojitunza, wala si mahali pa kukariri vitabu tu. Mwaka 1974, Azimio la Musoma liliamua kila mtoto apate nafasi ya elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Katikati ya juhudi hizo taifa liliendesha kampeni mbili kubwa kwa njia ya redio na vikundi vya kujisomea: Mtu ni Afya mwaka 1973, na Chakula ni Uhai mwaka 1975. Viongozi wa wakati ule hawakutenganisha kisomo, afya na chakula. Walijua kwamba ni mtu yule yule mmoja anayesoma, anayeugua na anayekula.

Sasa tutazame mahali tulipokwama. Kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, Serikali iliondoa ada na michango ya lazima katika elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne, kuanzia Januari 2016. Ulikuwa uamuzi mkubwa wa kimapinduzi. Watoto ambao wangebaki wakichunga ng'ombe waliingia darasani kwa maelfu. Lakini pamoja na neema hiyo ilizuka tafsiri potofu. Wapo wazazi waliodhani kwamba tangu siku hiyo mtoto ni wa Serikali peke yake, na kwamba hata kibaba cha mtama kwa ajili ya uji ni mchango uliokatazwa. Wapo pia viongozi waliokuwa wakijua ukweli, lakini wakaona ni rahisi zaidi kupigiwa makofi mkutanoni kwa kusema "msitoe chochote".

Ukweli ni kwamba Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016 ulifafanua wajibu wa kila upande, na chakula cha mwanafunzi wa kutwa uliuweka mikononi mwa mzazi na jamii yake. Na hesabu yenyewe inaonyesha kwa nini haikuwezekana vinginevyo. Ruzuku ya uendeshaji iliyopangwa kwa shule ya msingi ilikuwa Sh. 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Ukiigawa fedha hiyo kwa siku 194 za masomo unapata kama Sh. 51 kwa siku, na ndani yake mna vitabu, karatasi, ukarabati na mitihani. Hakuna mpishi duniani anayeweza kutoa bakuli la uji katika masalio ya shilingi hizo.

Wengine watasema: basi tungoje wafadhili. Hilo nalo limekwisha kujaribiwa. Jirani zetu wa Kenya walianzisha mwaka 1979 mpango wa kuwapa wanafunzi maziwa ya bure, uliojulikana sana kwa jina la Maziwa ya Nyayo. Ulikuwa mpango mzuri na watoto waliupenda, lakini ulitegemea hazina kuu, na hazina ilipoelemewa katika miaka ya 1990 maziwa yalikatika. Hapa kwetu, Mpango wa Chakula Duniani ulilisha shule katika sehemu za ukame kama Dodoma na Singida kwa miaka mingi. Tunashukuru. Lakini kila mradi una tarehe ya mwisho, na njaa ya mtoto haina tarehe ya mwisho. Chakula kinachotoka mbali huondoka na aliyekileta.

Je, mzigo wenyewe ni mkubwa kiasi gani? Tuchukue gramu 100 za nafaka kwa mtoto mmoja kwa siku, kiasi kinachotosha uji mzito wa saa nne. Kwa siku 194 ni kilo 19 na nusu hivi, yaani takriban debe moja kwa mwaka mzima. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kwa kibaba hujaza debe. Hatusemi kwamba debe ni kitu kidogo kwa kila kaya. Mwenye watoto wanne atatakiwa kutoa karibu gunia zima, na katika mwaka wa ukame hilo ni jambo zito. Ndiyo maana swali la lini na namna gani mchango utolewe ni kubwa sawa na swali la mchango wenyewe.

Tunasema kwamba mchango uchukuliwe wakati wa mavuno, na uchukuliwe kwa mazao. Makosa ya vijiji vingi ni kuitisha fedha Januari, mzazi akiwa shambani, ghala likiwa tupu na pamba ikiwa bado changa. Mtama, uwele na mahindi vikivunwa, hapo ndipo debe la shule litengwe, kabla nafaka haijauzwa kwa walanguzi. Msimu wa pamba ukifunguliwa na mkulima akapokea malipo yake katika Chama cha Msingi cha Ushirika, hapo ndipo apatikane yule aliyekosa nafaka atoe thamani yake kwa hiari. Uamuzi ufanywe na Mkutano Mkuu wa Kijiji, uandikwe katika muhtasari, na kila mtu ajue kiasi.

Wasukuma hawahitaji kufundishwa na mtu yeyote maana ya kuweka akiba. Tangu zamani wamekuwa na ngitili, yaani sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua ili ng'ombe na ndama wapate majani wakati wa kiangazi. Ngitili zilipokuwa zikitoweka, mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 katika Mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, ambao ndani yake zilikuwamo Bariadi, Maswa na Meatu, uliwasaidia wananchi kuzirudisha, na kazi hiyo ikasifiwa duniani. Akina mama wa sehemu hizi hukausha viazi wakapata michembe na matobolwa, hukausha majani ya kunde, ili nyumba isilale na njaa miezi ya shida. Jamii inayomtengea ndama majani ya kiangazi itashindwaje kumtengea mtoto wake debe la uji? Ghala la shule ndilo ngitili ya watoto.

Mkoa huu pia umekwisha kuonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Katika miaka ambayo Ndugu Anthony Mtaka alikuwa Mkuu wa Mkoa, Simiyu ilijulikana nchini kwa kambi za kitaaluma, ambamo wanafunzi wa madarasa ya mitihani walikusanywa, wakala pamoja na kusoma pamoja chini ya walimu waliochaguliwa. Sisi tunauliza swali moja tu. Ikiwa tulitambua kwamba mwanafunzi anayekaribia mtihani hawezi kusoma bila kula, kwa nini tusubiri hadi darasa la saba au kidato cha nne? Mtoto wa darasa la kwanza anayejifunza herufi kwa mara ya kwanza ana haja kubwa zaidi ya uji kuliko kaka yake. Akikosa kusoma na kuandika katika miaka miwili ya mwanzo, hakuna kambi itakayomrudishia miaka hiyo.

Pamoja na hayo yako masharti ambayo hayana mjadala. Kwanza, asitokee mtoto wa kunyimwa bakuli au kufukuzwa shule kwa sababu mzazi wake hakutoa. Mtoto asimame foleni moja na wenzake, na mzazi ndiye aitwe na uongozi wa kijiji. Pili, kaya maskini, wazee wanaolea wajukuu, na wajane wasio na nguvu kazi wasamehewe kwa uamuzi wa wazi wa mkutano. Tatu, debe lililotolewa lionekane. Kila mwezi kamati ya shule ibandike ukutani hesabu ya nafaka iliyoingia, iliyopikwa na iliyobaki. Wananchi hawachukii kuchanga. Wanachukia kuchanga wakaona gunia limeishia nyumbani kwa mtu. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea viongozi wenye majivuno na uonevu, na onyo hilo linamhusu hata mweka stoo wa shule.

Shamba la shule nalo lifufuliwe kwa misingi yake halisi. Hatutaki kurudia makosa ya mashamba ambayo watoto walilima na wakubwa wakavuna. Shamba liwe dogo, kazi iwe somo la kilimo, na mavuno yote yaingie katika sufuria la wanafunzi. Lipandwe mazao yanayovumilia ukame, kama mtama, uwele, viazi vitamu, kunde na choroko, ili uji wa saa nne upate siku nyingine kijalizo cha mboga na jamii ya kunde. Meatu kuna maziwa, na vijana wake wamekwisha kuanzisha kiwanda cha kuyasindika. Soko la kwanza la maziwa hayo lingefaa kuwa watoto walio jirani na zizi.

Tukiwataka wazazi watimize wajibu wao, hatuisamehi Serikali wajibu wake. Uji haupikwi bila maji. Shule isiyo na kisima wala bomba huwatuma watoto wa kike kuchota maji wakati wenzao wanasoma, na huo ni uonevu. Halmashauri zina wajibu wa kujenga ghala lisiloingia panya, na jiko lisilomaliza miti katika nchi ambayo tayari ina upungufu wa miti. Mwongozo wa Kitaifa wa huduma ya chakula na lishe kwa wanafunzi upo tangu mwaka 2020. Usibaki kabatini. Na mvua zikikosekana, mahindi ya Hifadhi ya Taifa yafike shuleni mapema, kwani mwaka wa ukame ndio mwaka ambao watoto hutoroka masomo.

Sera ya Elimu iliyozinduliwa mwaka 2025 imeweka elimu ya lazima kuwa miaka 10. Huo ni muda mrefu katika maisha ya mtoto. Hatuwezi kumlazimisha mtu kukaa darasani miaka 10 na kumwacha afunge mchana kutwa katika miaka hiyo yote.

Kwa hiyo tunatoa mwito kwa viongozi wa Chama na Serikali katika kila kijiji cha Simiyu. Kabla ya mavuno yajayo, itisheni mkutano mkuu. Waambieni wananchi ukweli, hata kama hautapigiwa makofi. Pangeni debe, pangeni siku, chagueni watu waaminifu wa kulilinda ghala. Na kiongozi mwenye mtoto katika shule hiyo awe wa kwanza kupeleka debe lake mbele ya macho ya watu.